Bila Tone na Sufuria ya Nyanya Kumi na Nane

Njooni, mlioketi na mlio wima, mlioshiba na mnaosubiri kupakuliwa. Lazeni simu zenu kifudifudi, punguzeni sauti ya redio, sogezeni viti. Waandishi wa tarikhi wametujazia rafu kwa habari za watwaa miji, wakatuhesabia farasi na mikuki na bendera zilizopepea, wala hakuna hata mmoja wao aliyeona vyema kutuambia, katika siku hizo kuu, chakula cha mchana kilipikwa na nani. Basi hapa inasimuliwa habari ya Ijumaa moja, ya jiko moja dogo la gesi, na ya mtu aliyeliendea jiko hilo akiwa na mwiko mkononi na hofu kifuani, akarudi na ushindi ambao ungeenea kwenye sahani.

Katika ghorofa ya pili ya nyumba yenye ngazi nyembamba aliishi fundi rangi mmoja, mtu wa makamo, mwenye shingo iliyozoea kutazama juu. Huyu ndiye Mshinda Dari, Mwenye Brashi Saba, aliyepaka madarasa na korido na vyumba vya kusubiria, na katika miaka ishirini na mmoja ya vita vyake hakuwahi kudondosha tone la rangi sakafuni. Kwa sababu hiyo mtaa mzima ulimwita Bila Tone, na jina alilopewa na wazazi wake likabakiwa na kazi ya kukaa kwenye kitambulisho tu.

Mkewe alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, Mwenye Mkono Usiotetemeka. Walijaliwa mabinti pacha wa miaka tisa, ambao walikula chochote kilichowekwa mbele yao, na kama kingecheleweshwa kidogo wangeanza na meza. Pamoja nao aliishi mama mzazi wa muuguzi, kikongwe wa kiti cha dirishani, Malkia wa Fimbo yenye Mpira Chini, ambaye magoti yake yalikwisha kustaafu jikoni lakini ulimi wake ulikuwa bado kazini.

Sikilizeni sasa chanzo cha vita. Kwa muda wa wiki mbili barua moja ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la ndizi. Barua ile ilimwita muuguzi kwenye mafunzo ya miezi minne katika mji mwingine, mafunzo ya kuwatunza watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao, wale ambao uzito wao ni pakiti moja ya sukari na ambao pumzi yao huhesabiwa moja moja. Alikuwa ameomba mara tatu, na mara mbili alikataliwa. Sasa alikubaliwa, na fomu ilitakiwa ifike kwa katibu wa mafunzo hospitalini kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa ile. Fomu ilikuwapo. Sahihi haikuwapo.

Kilichoizuia kalamu ni mchuzi. Kikongwe hakula wali, wala viazi, wala kitu kingine chochote kisichomiminiwa mchuzi wa nyanya wa nyumba ile, mchuzi alioupika yeye mwenyewe tangu ujana wake kisha akamrithisha bintiye: nyanya, vitunguu, kitunguu saumu, karoti moja ya kukwaruza, mafuta, chumvi, basi. Mwaka uliopita binti alipotumwa kikazi siku mbili, mama alichovya mkate kwenye chai asubuhi, mchana na jioni, akameza vidonge vyake vya presha juu ya tumbo tupu, na siku ya pili akapepesuka mlangoni mwa bafu. Hakuanguka, maana fimbo ilimshika. Lakini muuguzi alisimuliwa, na barua ile ilipokuja aliisoma mara moja tu, akaibandika kwenye friji kama mtu anayebandika picha ya nchi ambayo hatarajii kuifika.

Ijumaa ile Bila Tone hakwenda kazini, kwa kuwa mpako wa kwanza wa korido aliyokuwa akiipaka ulikuwa haujakauka, na yeye si mtu wa kupaka juu ya ubichi. Akasimama mbele ya friji, akakunja mikono ya shati, akakohoa kama wanavyokohoa wanaotaka kuhutubia.

“Mama Pacha,” akanena, “nimepaka dari la ukumbi mzima nikiwa nimelala chali juu ya mbao, siku sita. Sufuria moja haitanishinda. Leo mchuzi ni wangu. Mama akila, unatia sahihi.”

Muuguzi, ambaye alikuwa akikunja sare zake za kazi, hakucheka.

“Akila kwa kutaka, Baba Pacha. Si kwa kukuonea haya kwa kuwa wewe ni mkwe. Akimaliza sahani, natia sahihi. Akiisukuma, barua naichana, na tusiizungumze tena.”

Wakafunga mkataba pale pale. Yeye muuguzi hangetia mguu jikoni wala kutamka neno hadi sahani zipangwe. Naye Bila Tone hangepiga simu kwa yeyote wala kubisha hodi kwa jirani. Kumuuliza mama mkwe hakukukatazwa na mkataba, ila fundi alijikataza mwenyewe. Katika miaka kumi na mmoja ya kuishi na kikongwe yule chini ya paa moja alikuwa amemuuliza maswali mawili tu, yaani ameamkaje na kama feni haimpulizi sana, na hakuona kuwa hii ndiyo siku ya kuongeza la tatu.

Hata ilipotimia saa tano alikuwa amekwisha rudi sokoni na nyanya kumi na nane. Akazipanga juu ya meza kuanzia iliyopauka hadi iliyokolea, kama sampuli za rangi zinavyopangwa mbele ya mteja asiyejua anachokitaka, akarudi nyuma hatua moja, akafumba jicho la kushoto, akaridhika. Kisha akalitayarisha jiko kwa vita kwa namna pekee aliyoijua. Alitandika magazeti sakafuni kutoka mlangoni hadi chini ya sinki. Akabandika mkanda wa karatasi kwenye kingo za kabati, moja kwa moja, bila mkunjo, ule mkanda unaozuia rangi isivuke mpaka. Akavaa ovaroli. Ukuta uliokuwa nyuma ya jiko, mweupe, aliokuwa ameupaka mwenyewe mipako mitatu, akautazama kwa upole kama baba anayemwacha mtoto shuleni siku ya kwanza.

Vitunguu vilianza uadui mapema. Shujaa huyu alikwisha vuta mvuke wa rangi ya mafuta ndani ya korido isiyo na dirisha na asikohoe hata kidogo. Lakini kitunguu cha kwanza kilimtoa machozi, na cha pili kikamtoa jikoni. Akarudi akiwa ameziba pua kwa pini ya kuanikia nguo, akaendelea kukata, na ingawa vipande vyake vilitofautiana kama watu wa foleni moja, hakuna kilichobaki kizima.

Nyanya, hizo zilimpata nyumbani kwao. Alikumbuka kumwona mkewe akizimwagia maji yanayochemka, naye akafanya vivyo hivyo, na ngozi zikaanza kubambuka. Hapo mikono yake ikajua kazi yenyewe, maana kubambua kitu kilichokauka juu ya kingine ndiko alikoanzia ufundi. Akazivua zote kumi na nane kwa ncha ya kisu pasipo kuijeruhi hata moja. Lau kama vita vingekoma pale, tungekuwa na kisa kifupi.

Mafuta yakapata moto. Vitunguu vikaingia, vikalia, vikalainika, vikapata rangi ya mbao mpya. Kitunguu saumu kikafuata, na harufu ikatoka mlangoni ikaenda sebuleni ikapiga ripoti. Ndipo Bila Tone, kwa ujasiri wa mtu asiyejua, akazimwaga nyanya zote kwa mkupuo ndani ya mafuta yale.

Sufuria ikanguruma. Matone yakaruka kila upande kama mishale ya jeshi lililoviziwa, yakatua kwenye magazeti, kwenye ovaroli, kwenye mkanda wa karatasi. Na tone moja, moja tu, likapaa juu kuliko mengine yote, likapiga ukuta mweupe kwa sauti ndogo, likatulia pale, jekundu, la duara, kubwa kiasi cha kifungo cha shati.

Mshinda Dari aliliangalia. Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kutafuta kitambaa. Lakini nyanya zilikuwa zikimwita kwa kelele, na mwiko ulikuwa katika mkono wa kulia, na kiongozi wa vita hawezi kutoka mstari wa mbele ili akafute ukuta. Akaukaza uso, akaliacha tone mahali pake, akakoroga.

Akatia karoti iliyokwaruzwa, akatia chumvi kidogo kwa woga, akapunguza moto. Hadi hapo kila kitu kilikwenda kama kilivyopaswa kwenda, na laiti angekuwa fundi cherehani au dereva, mchuzi ungekuwa tayari saa sita na robo. Lakini alikuwa fundi rangi. Na ilipofika saa sita na robo, nyanya zilipokwisha kusagika na kuwa nzito, aliona jambo lililomshtua: pembeni mwa sufuria, kisha katikati, mafuta mekundu yalianza kujitenga na kupanda juu.

Basi, enyi mnaosikiliza, mtu yeyote aliyewahi kusimama jikoni keshashika kichwa. Lakini muulizeni fundi rangi yeyote ni nini maana ya mafuta yaliyoelea juu ya kopo, atawaambia: rangi imejitenga, imelala, uzito umezama chini, usiipeleke ukutani hivyo. Ikoroge kutoka chini kabisa, na ikiwa nzito, ilegeze. Hayo ndiyo aliyofundishwa akiwa na miaka kumi na saba, na hayakuwahi kumwangusha. Akauzamisha mwiko hadi chini, akakoroga kwa mizunguko mipana hadi mafuta yote yakapotea, akamimina kikombe kizima cha maji. Mchuzi ukapauka, ukawa mwepesi, ukaanza upya kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Sebuleni kiti kikalia. Bila Tone alikisikia, akadhani ni njaa.

Baada ya dakika kumi na tano mafuta yakapanda tena. Akayarudisha tena, kikombe cha pili kikaingia, na kiti kikalia mara ya pili, safari hii kwa muda mrefu zaidi, kama cha mtu aliyeinuka nusu kisha akajikalisha. Mapacha wakarudi kutoka shuleni, wakasimama mlangoni mwa jiko wakiwa na mabegi mgongoni, wakatazama magazeti na mkanda na ovaroli. Mmoja akauliza kama leo wanakula au wanahama. Baba yao akawaambia wakanawe mikono.

Mara ya tatu ilikuwa saa saba kasorobo. Sasa jasho lilikuwa likimtiririka, na shaka, ambayo haikuwahi kupanda naye ngazi hata siku moja, ilikuwa imesimama begani. Ni nyanya gani hizi zisizoshikana? Au ni mafuta mabovu? Alizima moto, akauwasha. Akakoroga kutoka chini. Akamwaga maji. Aliangalia saa ya ukutani, akafikiria barua iliyoko kwenye friji, nyuma ya mgongo wake kabisa, na ilimjia picha ya mkewe akiichana taratibu kwa vidole visivyotetemeka, vipande vinne, kisha kwenda kupangusa meza. Picha hiyo ilimuuma kuliko vitunguu.

Na ilipotimia saa saba, mafuta yakapanda mara ya nne. Naye akajaza kikombe.

Hapo ndipo fimbo yenye mpira chini iliposikika koridoni. Kikongwe alifika mlangoni mwa jiko akiwa na bilauri tupu mkononi, kwa kuwa ilikuwa saa ya vidonge vyake, akasimama kwenye ukingo wa magazeti. Aliiangalia sufuria. Aliangalia kikombe cha maji kilichoinuliwa juu yake. Kisha akageuza shingo pole pole, akaangalia sebuleni, ambako sare za bintiye zilikuwa zimekunjwa kwa rundo lililonyooka, na alibaki akiangalia huko kwa muda ambao Bila Tone aliuona mrefu kuliko korido zote alizowahi kupaka. Mchuzi ulichemka, puf, puf. Aliyoyapima kikongwe mlangoni pale hayakuandikwa popote, wala mizani yake hakuna aliyeiona. Lakini iko siku miji huanguka au kusimama kwa kunyamaza kwa mtu mmoja, na hii ilikuwa mojawapo.

“Baba,” akasema, “weka kikombe chini.”

Bila Tone alikishika vile vile. “Mama, umejitenga tena. Mara ya nne hii. Mafuta hayataki kukaa.”

“Haujajitenga. Mafuta yakipanda juu, nyanya imeiva. Ndiyo alama yake, hakuna nyingine. Mchuzi huu umeiva mara tatu leo, na mara tatu umeurudisha darasa la kwanza.” Akaegemea mlango. “Nimeunusa tangu saa sita na robo. Na mwenzio huko amekalia mikono yake asije akaja kukunyang’anya mwiko.”

Fundi akakiweka kikombe juu ya kabati. Masikio yalimwaka. Milio yote ya kiti ikamrudia mmoja mmoja.

“Mbona hukuniambia, mama?”

“Hukuniuliza.” Kikongwe akainyoosha bilauri ili amjazie maji. Alipokwisha kujaziwa hakuondoka. “Na sikutaka kuulizwa, maana mchuzi ukiiva binti anaondoka,” akasema, kwa sauti ya chini, kisha fimbo ikampeleka mezani.

Watu watano waliketi. Wali ulikuwa umepikwa na muuguzi mapema asubuhi kabla ya mkataba kuanza kazi, na hilo halikuhesabiwa kuwa msaada. Bila Tone alipakua akiwa bado na ovaroli, kwa mikono miwili, akainama mbele ya mama mkwe kama mjumbe anayekabidhi funguo za mji. Mapacha hawakungoja amri. Walishambulia kutoka pande mbili za sahani. Muuguzi hakushika kijiko. Alikuwa akimwangalia mama yake na friji kwa zamu, na kwa mara ya kwanza tangu ndoa yao mumewe aliona vidole vile vikitetemeka kidogo kwenye ukingo wa meza.

Kikongwe alichukua kijiko cha kwanza, akakishusha polepole. Akachukua cha pili. Katika cha tatu aliuliza, bila kumtazama mtu, ni nini kilichotiwa humu, maana una utamu ambao wake yeye haukuwahi kuwa nao. Bila Tone alijibu kwa unyenyekevu kwamba hakutia kitu, ila vikombe vitatu vya maji na ujinga wake. Kikongwe akatafakari jibu hilo kwa kijiko cha nne. Baada ya hapo hakuuliza tena, na kilichosikika ni vijiko tu, na mmoja wa mapacha akiomba aongezewe, na mwingine akidai kwamba mwenzake amepewa mwingi. Sahani ya kikongwe ikapungua, ikapungua, ikaonyesha maua yaliyochorwa chini yake; kisha mkono wa kizee ukachukua kipande cha mkate, ukayapangusa maua yale hadi yakang’aa.

Akasukuma sahani mbele. Ilikuwa tupu.

“Chumvi haijakolea,” akatoa hukumu.

Moyo wa Mshinda Dari ulishuka ngazi zote kwa pamoja.

“Lakini chumvi hujifunzi kwa siku moja,” kikongwe akaendelea, akimgeukia binti yake. “Nipe miezi minne, nitamfundisha. Ukirudi utakuta tunakula vizuri kuliko wewe.” Na muuguzi alipobaki ametumbua macho, mama akagonga fimbo sakafuni. “Mbona umekaa? Saa kumi inakungoja wewe?”

Kalamu iliyopatikana haraka ilikuwa ya pacha mmoja, yenye wino wa zambarau na kifuniko chenye masikio ya sungura. Kwa silaha hiyo muuguzi aliitia fomu sahihi juu ya friji, akiwa amesimama, na mstari wa sahihi ile haukuyumba hata unywele mmoja. Akamgeukia mumewe. Akamtoa pini ya nguo iliyokuwa bado imening’inia kwenye kola ya ovaroli, akacheka, akashuka ngazi mbili mbili.

Alipokwisha kwenda, na mapacha wakiosha vyombo kwa vurugu, na kikongwe akimeza vidonge vyake juu ya tumbo lililoshiba, Bila Tone alirudi uwanja wa vita. Akakusanya magazeti. Akabandua mkanda kwenye kingo za kabati. Akalowesha kitambaa, akauendea ukuta mweupe, akauinua mkono hadi kwenye tone lile jekundu, na pale mkono ukasimama.

Kisha akakiweka kitambaa, akachukua mkanda wa karatasi uliobaki, akakata vipande vinne vya urefu sawa, akalizungushia tone fremu iliyonyooka.

Hapo ndipo lilipo hadi leo, juu kidogo ya jiko, na mkanda wake umeanza kugeuka manjano. Mafundi wenzake wakija kunywa chai hulitazama, hukohoa, humuuliza kama amezeeka. Yeye huwaambia waketi. Naye mama mkwe, kutoka kiti kilichohamishiwa mlangoni mwa jiko, huinua fimbo yake kuelekea ukutani, huwaonyesha tone lile, na kuwasimulia wote siku mkwe wake alipoupika mchuzi mmoja mara nne, akaushinda.